Kamba ya Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Haikupiga hodi, imeingia na viatu. Asubuhi nilikuwa napima suti ya bwana mmoja mwenye bega moja juu na moja chini, alasiri maji yakawa yamefika ngazi ya baraza. Mtaa umekuwa uji. Malori ya kokoto nayo yameanza kukatiza hapa kwetu kukwepa foleni ya barabara kuu. Kila likipita nyumba inatetemeka na sindano ya cherehani inaruka. Nimeshavunja moja.

Mume wangu amerudi amelowa chapachapa, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akatangaza: "Kamati itakaa." Ni mwenyekiti wa kamati ya barabara ya mtaa. Tangu wamchague haombi chumvi mezani, anatoa maelekezo.

Alhamisi, 6 Machi

Kamati imekaa. Imekaa barazani kwangu, kwenye viti vyangu, na kunywa chai yangu. Azimio: jioni ikiingia, kamba ifungwe mwanzo wa mtaa, kutoka nguzo ya umeme hadi ukuta wa duka la rangi, ili malori yasipite. Mwenyeji mwenye gari atashuka, atafungua, atapita, atafunga.

Nikauliza kupitia dirishani, pini zikiwa mdomoni: "Na mwenye pikipiki ataionaje na giza hili?"

Katibu akaandika kwamba limepokelewa swali kutoka kwa mwananchi. Baadaye wakakubaliana mwananchi ashone vitambaa vyekundu vya kuning'iniza kwenye kamba. Kwa moyo wa kujitolea. Wangu, si wao.

Jumamosi, 8 Machi

Vitambaa tayari. Vyekundu kama pilipili, pindo mara mbili, kila kimoja na mikanda yake ya kufungia. Mwenyekiti amevikagua, akavisifu, akasema ni vizuri mno kufungwa kimyakimya. Anataka uzinduzi. Mgeni rasmi aje Jumapili ya wiki ijayo, akate utepe, ndipo kamba ifungwe na vitambaa vyake. Nikamwambia: unamwalika mtu aje kukata utepe ili ufunge kamba? Akasema sielewi itifaki.

Vitambaa vimo kwenye mfuko, nyuma ya mlango.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu na mkewe wamekuja kula. Huyu mdogo wangu ni mnadi wa mitumba sokoni. Mtaa mzima unamwita Honi, na hata mama yetu alikuwa amelisahau jina alilompa mwenyewe. Sauti yake unaisikia kabla hujamwona, na ukimwona unashangaa inakaa wapi, maana mwili wenyewe ni mwavuli uliofungwa. Akifunga bei anapiga kofi moja tu, paa, na hapo hata kama ulikuwa unajikuna umeshanunua.

Leo amekuja amekauka sauti. Kila Jumapili ndivyo alivyo, baada ya soko la Jumamosi. Anaongea kama mtu anayeburuta kiti.

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "mwaka huu unazindua kamba, mwakani utazindua shimo."

"Cheka tu. Maendeleo hayaji kwa kelele."

"Mimi kelele ndizo zinanilisha, shemeji. Wewe kamba itakulisha nini?"

Wifi yangu akacheka mpaka akashika meza. Akasema Jumapili ndiyo siku anayopumzika, redio ya nyumbani inakuwa imeisha betri.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Suruali tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, mapokezi ya majeruhi. Honi ameanguka na pikipiki jioni hii mwanzo wa mtaa, akirudi nyumbani. Mume wangu ndiye aliyemwokota na kumleta kwa gari la jirani. Koti lake la kamati limejaa matope na damu. Nilimfuta kwa leso yangu, nikamwambia asante. Nayaandika haya ili yakae.

Daktari wa zamu ni kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akauliza: "Ilikuwaje?"

Mume wangu akawahi: "Ameteleza, daktari. Matope. Kichwa kimepiga chini."

"Ulikuwepo?"

"Nilifika wa kwanza."

Honi ana jeraha juu ya nyusi, damu imemfunika jicho. Wamemvika kola ngumu ya shingo, ndio utaratibu kwa mtu aliyeanguka hivi. Kola yenyewe imekatwa vibaya, imemmeza kuanzia kidevu hadi kifua. Wakampeleka kwenye picha ya CT ya kichwa. Mlango ulipofunguka niliiona mashine: tairi kubwa jeupe limesimama wima, na kitanda chembamba kinachomsukuma mtu katikati yake kama nguo inavyopita chini ya mguu wa cherehani.

Kichwa hakina damu ndani. Tukashukuru. Daktari akamshona nyusi (kushona kwenyewe, basi tu) na kumuuliza maswali. Honi akajibu kwa ile sauti ya kuburuta kiti, ila nyembamba zaidi.

"Sauti yako siku zote iko hivi?"

Wifi akadakia: "Daktari, huyu ni mnadi. Tangu anioe sijasikia nyingine."

Tukacheka. Daktari alicheka, mimi nilicheka, mume wangu alicheka kuliko wote. Honi akainua mkono kama mtu anayetaka kusema neno. Wifi akaushusha taratibu: "Pumzika, baba. Leo hakuna soko."

Amelazwa aangaliwe mpaka asubuhi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika usiku.

Asubuhi tulimkuta Honi ameketi kitandani, hataki kulala chali. Akilazwa anainuka. Anatema mate yenye damu, na muuguzi anasema ni damu ya pua imeshukia kooni. Mume wangu naye alikuwepo na koti lake la kamati, limeshafuliwa. Nani alilifua usiku ule, sijui.

Mara akaingia mama mmoja mfupi amevaa sweta nzito, na nje joto la mvua lilikuwa linafukuta. Ndiye daktari anayesoma picha. Chumba cha mashine kina ubaridi wa friji, kwa hiyo wa huko utawatambua kwa masweta. Nimeambiwa huwa hapandi wodini, majibu yake huja kwa maandishi. Leo alipanda mwenyewe, akamvuta daktari wa zamu mpaka kwenye kompyuta ya wauguzi. Nikasogea. Mimi ni mtu wa kusogea.

"Tazama," akasema. "Mfupa mweupe, nyama kijivu, hewa nyeusi. Hewa ina nyumba zake: pua, koo, mapafu. Hii hapa chini, nyuma ya koo, imekaa katikati ya nyama. Haina nyumba. Imetoka wapi?"

Ilikuwa michirizi miwili mitatu myeusi, ukingoni kabisa, pale picha inapoishia.

"Lakini ombi lilikuwa la kichwa," daktari wa zamu akasema.

"Na kichwa nimekusomea. Hii imechungulia kutoka chini, inaomba isomwe. Huyu mtu alipigwa na nini shingoni?"

"Aliteleza kwenye matope."

"Matope hayafanyi hivi." Akageuka, akatutazama sisi ndugu. "Nani alimwona akianguka?"

Ukutani kuna bango la kufundisha watu kunawa mikono. Mume wangu alikuwa analisoma. Alilisoma kwa bidii ambayo sijamwona akiitumia kwa maandishi yoyote, hata ya kamati. Namfahamu. Mtu niliyempima kiuno kila mwaka namfahamu anavyosimama akiwa na neno. Nikawa najiambia hapana, kamba ni ya Jumapili, vitambaa vimo nyuma ya mlango, nimeviona leo asubuhi.

"Mwenyekiti," nikamwita. Sijawahi kumwita hivyo mbele ya watu wa nje. "Kamba ilifungwa?"

"Ilikuwa majaribio."

"Bila vitambaa?"

"Vitambaa ni vya uzinduzi, mama watoto, tulishakubaliana..."

Wifi akasema, "Kamba ile ya uzinduzi?" Alitutazama mmoja mmoja, halafu akamtazama mumewe, na Honi akapitisha kidole shingoni, kutoka sikio hadi sikio, taratibu. Ndilo neno alilotaka kusema jana. Mkono ule ndio aliouinua, tukaushusha, tukacheka.

Nilitaka kumrukia mume wangu pale pale, kati ya vitanda. Daktari wa picha hakunipa nafasi. Alishafungua kola. Chini yake kulikuwa na mstari mwekundu uliovimba, umenyooka kama umechorwa kwa chaki na rula ya fundi. Akabonyeza pembeni yake kwa vidole viwili, na hata mimi nilisikia: ngozi ililia kama mfuko wa nailoni unaokunjwa. Daktari wa zamu naye akabonyeza.

"Hewa iko chini ya ngozi," mama yule akasema. "Mwiteni Daktari wa Koo. Sasa hivi. Na asilazwe."

Daktari wa Koo ni pandikizi la mtu, lakini anaongea chinichini kama yuko maktaba. Alimwambia Honi: "Kaka, usinijibu kwa mdomo. Punga mkono tu. Unapumua?" Honi akapunga. "Ukilala, unazibika?" Akapunga mikono yote miwili.

Halafu akatugeukia mimi na wifi, akatueleza, na sitasahau kwamba alitueleza. "Bomba lake la hewa limeumia. Nikimpitishia mpira wa kupumulia mdomoni bila kuona, naweza kumalizia kulichana. Nikimfungua shingo kwa kubahatisha, naweza kufungua pale pale palipopasuka. Nataka ramani. CT ya shingo inanipa ramani. Ila lazima alale kidogo, na akilala anaweza kufunga njia."

"Sasa?" wifi akauliza.

"Sasa naingia naye."

Na kweli aliingia. Alivaa lile vazi zito la risasi la kuzuia mionzi, linalofika magotini, akashika mkononi sinia ya visu vilivyofunikwa, akasimama kichwani kwa Honi ndani ya chumba ambacho wengine wote tulifukuzwa. Daktari wa zamu, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, aliomba vazi la pili. Wakamwacha Honi ameketi kitandani mpaka dakika ya mwisho.

Sisi tulibaki nje ya mlango wenye taa nyekundu. Wifi alinishika mkono wa kulia. Upande wa kushoto mume wangu alileta wake. Nikauweka wangu mfukoni.

Kwenye chumba kidogo cha vioo mpiga picha alikuwa anaongea kwenye kipaza sauti, mlango haukufungwa vizuri, tukasikia. "Tunakulaza sasa, bwana. Kidogo tu. Hivyo." Ndipo ukaja mluzi. Honi alikuwa anavuta pumzi na pumzi inapiga mluzi kama birika. "Usimeze mate. Usimeze. Usimeze." Mashine ikavuma, ikapanda, ikashuka. Mluzi ukakatika.

Nikaacha kusikia kitu chochote.

"Mwinue!" Daktari wa Koo, na safari hii hakuwa maktaba. Kishindo, viatu, halafu mluzi ukarudi. Sikujua kama mtu anaweza kupenda mluzi mbaya kama ule.

Daktari wa picha aliisoma picha pale pale, amesimama, sweta limening'inia bega moja. Gegedu la mbele ya koo, lile linalojitokeza kwa wanaume, limepasuka katikati na kubonyea ndani. Chini yake bomba la hewa lina mchaniko upande wa mbele. "Pita chini ya hapa," akamwonyesha Daktari wa Koo kwa ncha ya kalamu. "Ungepita palipozoeleka, ungeangukia ndani ya mchaniko."

Wakampeleka chumba cha upasuaji akiwa macho, wamfungue kwa ganzi ya shingo tu. Alipopita mbele yetu alinitafuta kwa macho, akapiga kofi moja. Halikutoa sauti. Bei imefungwa.

Daktari wa Koo alisimama sekunde moja mbele ya mume wangu. "Ungesema kamba jana, mzee," akamwambia chinichini, "ningeitwa jana." Basi. Hakuongeza. Mimi ningeongeza.

Jumamosi, 15 Machi

Yuko hai. Ana mpira shingoni, anapumulia hapo. Gegedu limeungwa kwa vibati vidogo na kushonwa. Midomo inatembea, sauti haitoki. Wamempa ubao mdogo wa kuandikia. Neno la kwanza: "Nani anauza leo?"

Wifi alitoka nje kulia. Alisema, "Nilikuwa namwomba Mungu siku moja ya kimya. Si hivi. Si hivi, wifi."

Daktari wa zamu alikuja kwa nguo za nyumbani. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu jana, nimeyanoa kisawasawa. Akaniwahi: "Mama, nilitakiwa nifungue kola. Nisamehe." Nikabaki na maneno yangu mkononi kama mtu aliyekosa gari. Mpaka leo ndiye peke yake aliyeomba msamaha, na ndiye aliyedanganywa.

Jumapili, 16 Machi

Tangazo kwenye nguzo ya umeme: uzinduzi umeahirishwa kutokana na hali ya hewa.

Jioni nilimuuliza mume wangu kwa nini. Sikuwasha hata taa ya chumba, sikutaka kumwona akifikiri.

"Ningesema kamba," akasema, "polisi wangekuja. Kamati ingevunjwa."

"Kamati."

"Watu walikuwa wameanza kutuamini."

"Na shingo ya mdogo wangu?"

"Kichwa ndicho kilikuwa kinatoka damu! Mimi nilijua ni kichwa!"

Hapo ndipo nilipoogopa, maana nadhani ni kweli. Aliificha kamba, hakudhani anaificha shingo. Alifungua fundo lake kwanza, akaiweka kamba mahali pakavu, ndipo akamwokota mtu. Ametamka hayo mwenyewe, kwa mpangilio huo, wala hakusikia alichosema.

Nimehamia kwa wifi. Nimechukua kichwa cha cherehani, nimemwachia meza.

Jumatano, 19 Machi

Ujumbe wa kamati umekuja wodini kumwona mgonjwa. Katibu na mweka hazina, na juisi moja ya pakiti.

"Pole sana, Honi," katibu akasema kwa sauti ya juu, kana kwamba mtu akitobolewa koo anakuwa kiziwi. "Mungu ni mwema. Sasa, dada, kuna neno dogo la kuweka sawa. Watu wa usalama barabarani wameulizia. Sisi tumesema ameteleza. Tungeomba familia iwe na kauli moja."

"Kauli?" nikamuuliza. "Mwenye kauli mmemkata."

"Dada, usipokee kwa hasira."

"Nipokee kwa nini? Kwa juisi?"

Mweka hazina akatazama pakiti yake kama aliyefikiria kuirudisha. Katibu akakohoa. "Na vile vitambaa, dada. Kama viko tayari. Tunataka safari hii kamba ifungwe kitaalamu."

Honi akaandika ubaoni, akawaonyesha: "Wauzieni wenye malori."

Walipoondoka nikagundua nimeibana pakiti ya juisi mpaka imepasuka. Muuguzi alifuta sakafu.

Alhamisi, 27 Machi

Mume wangu huja kila siku. Hukaa kwenye benchi la korido, haingii. Wifi humpelekea chai. Nimemwambia aache. Akanijibu: "Nampelekea kwa sababu ninamchukia, wifi. Nikiacha kumpelekea nitazoea kumchukia." Nimekaa na jibu hilo siku nzima. Nilidhani wifi yangu ni mtu wa kucheka tu.

Jumanne, 1 Aprili

CT nyingine. Safari hii Honi alilala mwenyewe kwenye kitanda kile, mikono tumboni, kama mtu aliyeenda ufukweni. Daktari wa picha alituita mimi na wifi ndani ya friji yake, akatuonyesha. Ile hewa isiyo na nyumba imekwisha. Bomba jeusi limenyooka, lina mkunjo kidogo pale juu, kama bomba la suruali lililopigwa pasi na mtu asiyejali.

"Mpira utatoka," Daktari wa Koo akasema. "Atapumua kwa pua yake. Ataongea."

"Na kunadi?" wifi akauliza.

Alichukua muda. Watu wakubwa wakichukua muda ujue. "Ataongea," akarudia.

Honi alikuwa ameketi hapo na ubao wake. Akaufuta, ingawa ulikuwa mtupu.

Jumanne, 8 Aprili

Mpira umetoka. Tundu limefunikwa bandeji, na ili aongee lazima alibonyeze kwa kidole hewa isivujie hapo. Sauti yake sasa ni mlango wa kabati la zamani. Neno la kwanza: "Dada, chai ya hospitali ni maji ya kuoshea nini?"

Wifi alicheka. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nilikwenda dirishani kutazama mvua, ambayo haikuwa inanyesha.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilirudi kwangu kuchukua uzi mweusi. Juu ya kabati, ndani ya begi la makabrasha ya kamati, kumbe kamba. Imekunjwa vizuri, imefungwa fundo safi. Ameitunza. Kuna watu wanaotunza picha za harusi.

Nimempelekea Honi. Nilidhani ataitupa. Aliikunjua, akaipima kwa urefu wa mikono, akaivuta kujaribu nguvu, akabonyeza bandeji. "Bidhaa nzuri," akasema.

Akauliza uzinduzi mpya ni lini.

Jumapili, 13 Aprili

Uzinduzi ulikuwa leo, barazani kwangu tena. Mvua ilipumzika. Mtaa wote ulikuwepo, na mgeni rasmi kwenye kiti chenye mto. Mume wangu mbele, koti la kamati, karatasi mkononi. Kamba mpya mezani. Alipotuona mimi, wifi na Honi tunaingia, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma: changamoto, mshikamano, ajali ndogo iliyosababishwa na utelezi.

Alisema utelezi. Nusura nivue kiatu nimrushie.

Honi akapita katikati ya watu, akapanda ngazi ya baraza, akaitoa kamba ile ya zamani kwenye mfuko na kuinyanyua juu, kama anavyonyanyua makoti Jumamosi. Wale wa sokoni wakaanza kushangilia kwa mazoea. Akabonyeza bandeji na watu wote wakanyamaza, maana bila kunyamaza husikii.

"Kamba," akasema. "Nailoni. Haijakatika. Imetumika mara moja."

Akaizungusha kamba watu waione.

"Leo sinadi kwa hela. Nanadi kwa mwenyewe. Mali hii haina mwenyewe. Natafuta mwenyewe. Nani?"

Katibu akainuka nusu. "Ndugu yangu, kamba ni ya kamati..."

"Kamati haina shingo. Keti. Nani?"

Akapumua. Ilimchukua muda, na tuliusikia muda huo, ule mkwaruzo. Nikaelewa wakati huo kwamba sauti ile haitarudi sokoni, na kwamba yeye alishaelewa kabla yangu, siku ile daktari alipochukua muda.

"Mara ya kwanza," akasema.

Mume wangu alikuwa anatazama karatasi. Hapo hapakuwa na bango la kunawa mikono, hakuna pa kukimbilia.

"Mara ya pili."

"Yangu," mume wangu akasema.

"Sisikii. Mimi ndiye mwenye sauti mbovu, au wewe?"

"Kamba ni yangu! Niliifunga mimi, bila vitambaa, ili nijaribu. Nikaifungua kabla sijamwinua. Na daktari nilimwambia ameteleza." Karatasi ilikuwa imeshaanguka. "Hakuteleza."

Honi akapiga kofi. Paa. Lile lile la siku zote. Kofi halijaumia.

"Imeuzwa," akasema, akamvisha mume wangu kamba begani. "Mzigo wako, shemeji. Hakuna kurudisha."

Mgeni rasmi alipiga makofi, alidhani ni ngonjera. Hakuna aliyemfuata.

Wifi ndiye aliyezungumza baada ya hapo, na alizungumza kwa sauti ambayo sikuijua. "Malori bado yapo," akasema. "Kamba hatutaki tena mtaa huu. Mwenyekiti anataka kuzuia malori? Azuie. Asimame yeye."

Wakapiga kura kwa mikono. Mikono ilikuwa mingi. Wangu ulikuwa wa kwanza.

Jumamosi, 3 Mei

Wifi ananadi. Honi anakaa nyuma yake juu ya marobota, anamnong'oneza bei na matani, na yeye anayarusha kwa watu. Kumbe redio za nyumba ile zilikuwa mbili, na moja haikuwahi kuachiwa nafasi. Honi anabaki na kofi. Akinong'ona mpaka akachoka hugeuka pembeni asionekane, akashika bandeji. Mimi huwa namwona.

Kila nikimwona hasira inarudi mpya, imepigwa pasi.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua za mwisho. Nimerudi kwangu, kichwa cha cherehani kimekutana na meza yake. Nimerudi kwa ajili ya cherehani, na mume wangu nimemweleza hivyo.

Kila jioni mume wangu husimama mwanzo wa mtaa, kati ya nguzo na duka la rangi, amevaa vitambaa vyangu vyekundu vyote, kifuani na mikononi. Nilimfungia mwenyewe siku ya kwanza, mafundo mawilimawili. Pikipiki ikija anaipisha. Lori likija anatandaza mikono. Mengi hugeuza. Moja jana halikugeuza, lilimpitia karibu sana na kumrushia matope kuanzia kola hadi soksi. Hakukimbia. Honi alikuwa anapita hapo na mkewe, akasimama na shemeji yake dakika chache.

Leo asubuhi nimemfulia shati. Soksi nimemwachia.